Premio 2009: plastiki za sura ya mbao zimepasuka. Stika, rangi, kuchovya au reksini kwa joto la Mombasa?

Premio_Tudor

Salaam aleikum wadau. Gari ni Toyota Premio ya 2009, ndani ni krimu, na ina zile plastiki zenye sura ya mbao. Fremu ya redio na paneli ya swichi za mlango wa dereva zimefanya nyufa nyembamba kila mahali. Ukipitisha ukucha unazisikia. Paneli za milango mingine ni nzima. Ule ukanda mrefu ulio mbele ya abiria haujapasuka, umefifia tu na kuingia umanjano upande wa karibu na kioo. Gari hushinda nje juani, hakuna kivuli.

Kila fundi ninayemuuliza ana lake. Mmoja ataka kubandika stika ya kaboni, mwengine kupiga nyeusi ya kung'aa, mwengine asema tuvalishe reksini (ngozi ya bandia) kila kitu mpaka dashibodi yenyewe. Na kuna hii habari ya kuchovya kwenye maji yenye filamu ya mchoro ili kipande kitoke na sura ya mbao. Naomba wenye ujuzi wanieleze ni kipi kitakachokaa kwa joto letu, kazi yenyewe hufanywaje ili fundi asinipige chenga, na kama kuna sehemu naweza kufanya mwenyewe nyumbani. Bajeti haipiti elfu kumi na tano. Sina kompresa. Nina draya ya nywele, bisibisi na subira.

FundiMakupa

Wa aleikum salaam. Kila fundi amekutajia alichonacho dukani kwake, si unachohitaji. Anza na plastiki yenyewe, sura utachagua baadaye.

Toa paneli uipindue. Nyuma pana herufi zilizopigwa muhuri kati ya vishale viwili: >ABS<, >PC+ABS<, >PP< au >PP+T20<, ambapo T20 ni talki asilimia 20. Vipande vya mapambo vyenye sura ya mbao kwa kawaida ni ABS au PC+ABS. Zile plastiki za chini zenye vinyweleo, za krimu au kijivu, mara nyingi ni PP. ABS ukiisugua msasa inakubali rangi na gundi. PP haikubali kitu: bila praima maalumu ya plastiki iliyopakwa kwanza, rangi hutoka kwa ukucha hata kama ilionekana nzuri siku ya kukabidhiwa. Fundi ambaye hajapindua paneli kusoma hizo herufi hajaanza kazi.

La pili ni mafuta ya dashibodi. Vijana wa kuosha magari huyapaka kila wiki ili ing'ae, na mengi yana silikoni. Silikoni ikibaki, rangi hufanya vishimo vidogo vya duara ambavyo hata upake koti kumi havifunikiki, na stika huinuka pembeni. Mpangilio wake ni huu, na usiubadilishe: osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu kwa brashi laini, suuza, kausha, kisha spiriti ya isopropili ya asilimia 70 kwa vitambaa viwili, kimoja kibichi kinachopaka na kimoja kikavu kinachofuata nyuma yake kabla haijakauka, upande mmoja tu, si kwenda na kurudi. Msasa ndio uje baada ya hapo. Ukianza na msasa unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo na hutaitoa tena. Kupima usafi, mwagia maji: yakitandaa sawasawa paneli imetakata, yakijikusanya matone rudia kuosha. Petroli na thina kali weka mbali na ABS. Zinayeyusha uso wake, na pale penye mkazo, hasa kwenye mizizi ya klipu, plastiki hupasuka yenyewe siku kadhaa baadaye na utadhani ni bahati mbaya.

La tatu ni joto, na hili ndilo litakaloamua. Juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, gari ikiwa imefungwa juani panapita digrii 80. Paneli za milango hazifiki hapo, na fremu ya redio iko katikati. Kwa hivyo usitafute pambo moja la gari zima. Kadiri kipande kilivyo karibu na kioo, ndivyo usivyotaka kitu kinachotegemea gundi. Na pale juu usiweke chochote kinachong'aa, kwa sababu kitajionyesha kwenye kioo ukiendesha jua la saa kumi.

Kwa gari yako: ukanda wa abiria usibandikwe kitu, urudishiwe klia tu, yaani ile rangi angavu ya juu. Fremu ya redio na paneli ya mlango ni rangi ya nusu mng'ao au stika nzuri. Reksini iishie kwenye pedi za kuegemeza mkono.

Kuhusu nyufa: chochote utakachochagua, klia iliyopasuka lazima iondoke. Msasa namba 240 wa maji mpaka mistari ya nyufa ipotee kabisa, kisha 400, halafu praima ya kujaza koti mbili au tatu, zikikauka pitisha 600. Ukifunika nyufa bila kuzitoa zitachomoza tena, na stika nyembamba huzionyesha zaidi ya rangi.

Ule ukanda uliofifia usiuguse na msasa mkali. Chini ya klia kuna chapa ya mbao iliyo nyembamba mno. Namba 1000, maji mengi, mkono mwepesi, na tazama rangi ya maji: yakiwa meupe uko kwenye klia, yakianza kuwa kahawia umeingia kwenye chapa, simama hapo hapo. Ukifikia uso uliofifia sawasawa bila doa linalong'aa, uko tayari kwa klia mpya. Umanjano ukiwa ndani ya klia utapungua kwa msasa. Ukiwa kwenye chapa yenyewe hautoki, na hapo kipande kinahitaji sura mpya.

Stika_Nyali

Fundi, umeihukumu stika kwa makosa ya zile zinazouzwa kwa mita kando ya barabara. Vinaili, yaani plastiki ya stika, ni za aina mbili. Kuna ya bei ya chini, iliyotengenezwa kwa kubanwa moto kati ya roli. Hiyo inabaki na mvuto ndani yake, na ikipata joto inataka kurudi ilivyokuwa: pembe zinarudi ndani na kuacha mstari mweusi wa gundi iliyoshika vumbi. Na kuna iliyomiminwa ikakauka bila kuvutwa, unene wake kama milimita 0.09, mfano wake 3M 2080. Hii ndiyo ya kazi hii. Usimwamini muuzaji kwa mdomo. Chukua kipande cha sentimita 10 kwa 10, kibandike kwenye kioo cha gari juani siku mbili bila kukivuta. Kikiacha mstari wa gundi pembeni, mrudishie.

Roli huwa na upana wa mita 1.52. Mita moja inatosha paneli nne za milango, fremu ya redio na eneo la gia, na unabaki na akiba ya kuharibu.

Fanyia kazi ndani, feni ikiwa imezimwa kwa sababu ya vumbi. Kata kipande kilichozidi paneli kwa sentimita tatu hadi nne kila upande. Laza kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ya plastiki iliyofungwa kitambaa laini. Mahali tambarare usivute kabisa. Kwenye kona pasha joto mpaka vinaili ilegee, kisha ivute taratibu, isizidi kama sehemu moja ya kumi ya urefu wake. Ukipita hapo rangi inapauka, na mvuto huo ndio utakaoirudisha nyuma mwezi wa pili. Kunja nyuma angalau sentimita moja. Mikato ya kupunguza mikunjo ifanywe kwenye sehemu iliyokunjwa nyuma tu, ikome milimita mbili kabla ya ukingo. Praima ya gundi pitisha mstari mwembamba kwenye ukingo wa nyuma peke yake. Wanaopaka uso mzima hawataweza kuitoa stika bila kuharibu plastiki.

Kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Mwisho kabisa, sehemu zote zilizovutwa na kingo zote zipashwe mpaka digrii 90 hadi 100 ili vinaili isahau umbo la zamani. Tumia kipimajoto cha kuelekeza mwale, usikisie kwa kiganja. Bunduki ya joto isitulie mahali pamoja, maana ABS nayo huanza kulegea karibu na joto hilo hilo na paneli itapinda. Draya ya nywele inatosha kulainisha, lakini kwa joto hili la mwisho azima bunduki. Kisha kiache kilale usiku mzima kabla ya kukirudisha garini.

Pasipofaa: uso wenye vinyweleo, kwa sababu gundi hugusa vilele tu, mabakuli ya ndani kama kishikio cha mlango, kwa sababu vinaili iliyovutwa kuelekea chini hutaka kuinuka, na mapezi ya matundu ya hewa. Na kama ni sura ya kaboni, mistari ilale upande mmoja gari zima. Paneli moja ikilala kulia na nyingine kushoto, abiria ataona kabla hajafunga mkanda.

Rangi_Jomvu

Stika ni sawa kwa anayebadilisha mawazo kila mwaka. Mimi bado nasema rangi ya kuchanganywa vitu viwili, yaani yenye hadina (dawa ya kuikausha na kuifanya ngumu), haina mshindani kwa vipande vinavyoguswa na vidole kila siku. Lakini iwe na hadina kweli. Makopo ya kawaida ya kupuliza yasiyo na hadina hukauka haraka na kupendeza, kisha jasho, sanitaiza na mafuta ya kujikinga na jua yanailainisha, na swichi za mlango zinaanza kunata.

Kwa kuwa huna kompresa, tafuta kopo la klia lenye hadina ndani yake. Lina kitufe chini: ukikibonyeza hadina inachanganyika, unatikisa dakika mbili, na kuanzia hapo lazima ulimalize siku hiyo. Usilifungue kabla paneli zote hazijawa tayari. Kama kazi inakwenda kwa fundi mwenye bunduki ya rangi, vipande vyako vyote havili zaidi ya mililita 250 za rangi ya msingi na mililita 250 za klia kwa 125 za hadina, yaani uwiano wa 2 kwa 1, na thina asilimia 5 hadi 10 kama kopo linavyoelekeza. Bunduki ndogo, nozeli ya 1.0 au 1.2. Rangi ya msingi koti mbili au tatu nyepesi, dakika kumi kati ya koti na koti. Klia koti mbili, ya kwanza iwe nyepesi ya kushika tu.

Sasa Mombasa yenyewe. Thina ya haraka ikiruka inaupoza uso wa paneli, na hewa yetu ikiwa na unyevu mwingi umande hutua juu ya rangi mbichi: unapata utando mweupe uliofifia. Wakati wa masika, Aprili na Mei, hilo ni la kila siku. Piga kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, usipige baada ya mvua wala usiku, na mwambie fundi atumie thina ya polepole. Thina ya polepole pia inaipa klia muda wa kutandaa kabla joto halijaifunga. Bila hiyo uso unatoka na vinundu kama ganda la chungwa. Tangi la kompresa limwagwe maji kabla ya kuanza na kichujio cha maji kiwepo kwenye mpira. Tone moja tu likipita, paneli hiyo unaianza upya.

Nyeusi ya kung'aa nakushauri uiache. Inaonyesha kila kidole na kila mkwaruzo wa kitambaa, na kwenye gari ya ndani krimu inapiga kelele. Isiyong'aa kabisa nayo ina lake: haipigwi polishi, kwa hivyo chembe moja ya vumbi ikitua ndani yake dawa ni kurudia paneli nzima. Nusu mng'ao inasamehe zaidi.

Hadina ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa haisaidii lolote. Inahitajika ile ya vichujio vya mkaa inayokaza usoni, glavu, na mahali penye hewa. Watoto wasiwe karibu. Vipande vikae nje ya gari siku tano hadi saba baada ya kupakwa, la sivyo ile harufu utaifungia ndani na wewe.

Bint_Kongowea

Nami niseme upande wa reksini na suedi, maana naona mwapiga rangi tu.

Kwanza, kaka Premio_Tudor, aliyekuambia avalishe dashibodi nzima usimpe gari. Upande wa abiria mna eabegi (mfuko wa hewa wa ajali), na kifuniko chake kimetengenezwa kipasuke kwenye mstari uliopunguzwa unene kwa ndani. Ukikifunika kwa sponji na reksini hakitapasuka kwa wakati wake wala kuelekea kunakotakiwa. Hali kadhalika katikati ya usukani, na nguzo za pembeni za kioo kama zimeandikwa SRS AIRBAG. Hapo hapavalishwi, hapabandikwi, hapapakwi rangi nzito.

Pili ni unene. Reksini yenyewe ina kama milimita moja, ukiongeza sponji ya tatu una milimita nne, na nafasi kati ya paneli na paneli mara nyingi haifiki milimita moja. Kwa hivyo fremu ya redio ikivalishwa haiingii, au inaingia kwa nguvu na kuvunja klipu. Panapofaa ni pedi ya mlango, kifuniko cha kisanduku cha katikati, na ile sehemu ya kitambaa katikati ya mlango ikiwa ni kipande kinachotoka peke yake.

Gundi ndiyo inayoangusha kazi. Ile ya viatu hulegea gari ikipata joto, na reksini iliyovutwa inajirudia. Omba gundi ya joto kali inayotumiwa kwa silingi za magari na usome kopo: kama uvumilivu wake ni chini ya digrii 80, iache. Paka pande zote mbili, koti nyembamba, subiri dakika kumi hadi kumi na tano mpaka ukigusa isivute nyuzi, ndipo ukutanishe. Ukikutanisha bado mbichi, kimiminiko kinafungiwa ndani na siku ya jua kinafanya uvimbe. Kwenye bonde, yaani pale paneli inapobonyea ndani, anza kubandika katikati ya bonde na kutoka nje. Ukianza pembeni utalipita bonde, reksini ikae hewani kama ngoma, na mwishowe ibanduke. Bonde likiwa kali, weka mshono papo hapo ili vipande viwili vikutane badala ya kimoja kuvutwa.

Uzi uwe wa polista, usiwe wa pamba wala nailoni. Pamba huoza kwa unyevu na nailoni hudhoofishwa na jua. Sindano namba 18, na mishono ya milimita nne. Ukiweka mifupi zaidi unaitoboa reksini kama karatasi ya stempu na itachanika hapo hapo.

Suedi ya bandia yapendeza, lakini kwa mahali pa kushika kila siku ina jasho na vumbi letu. Iweke panapotazamwa tu.

Premio_Tudor

Shukran sana wote. Nimepindua paneli ya mlango, imeandikwa >ABS<. Reksini naiacha, labda pedi za milango siku nyingine. Sasa moyo wangu uko kwenye mbao, napenda ile sura ya asili irudi kwenye fremu na paneli ya mlango ili zifanane na nyingine. Hapo ni kuchovya, au inawezekana kubandika mbao ya kweli?

Chovya_Miritini

Kuchovya ndiko kulikozaa sura ile ya mbao kwenye magari mengi ya Kijapani, kwa hivyo unarudi kwenye njia ya asili. Ila kufanana na paneli zilizobaki ni shida. Filamu ya mbao huuzwa kwa michoro mingi, na utakaoukaribia hautakuwa ule ule. Ama chovya zote zinazoonekana pamoja, ama kubali tofauti.

Filamu ni ya PVA, plastiki inayoyeyuka majini, yenye wino upande mmoja. Paneli inaandaliwa kama Fundi alivyosema mpaka praima ya 600, kisha inapigwa rangi ya msingi. Rangi hiyo ndiyo inayoamua mbao itakuwa gani: msingi wa krimu iliyokolea unatoa mbao nyepesi, wa kahawia yenye njano unakaribia mvule, wa kahawia nzito unatoa mbao za giza. Wengi hulaumu filamu kumbe kosa ni la msingi.

Maji yawe karibu digrii 30, na mchana hapa kwetu karibu ufike bila kupasha. Karai liwe pana kuliko paneli kwa sentimita kumi kila upande na lenye kina cha kuizamisha yote. Filamu hulazwa upande wa wino ukiwa juu, iachwe kama dakika moja ilainike. Toa mapovu yaliyo chini yake kwa kuyapuliza yaende pembeni, maana kila povu litakuwa tundu kwenye mchoro. Kisha puliza aktiveta, dawa ya kuyeyusha wino, nyepesi na sawa. Wino ukigeuka kung'aa kama kitu kimiminika una sekunde chache tu. Teremsha paneli kwa mwinamo wa digrii 35 hadi 45, mwendo mmoja, bila kusita. Ukisita unaacha mstari. Ikishazama, itikise ndani ya maji kuvunja filamu iliyobaki juu kabla ya kuitoa, ama sivyo inajibandika mara ya pili wakati wa kutoka.

Aktiveta ikizidi mchoro unasambaratika na mistari ya mbao inaelea. Ikipungua, wino haushiki kona na unakunjamana. Fremu ya redio ina tundu kubwa katikati, na filamu itavutwa kuingia humo. Ziba tundu kwa nyuma na tepu ya karatasi.

Kinachoharibu kazi nyingi ni kuosha. Baada ya kuchovya paneli ina ute wa PVA. Suuza kwa maji ya uvuguvugu yasiyo na kasi dakika tatu au nne mpaka utelezi uishe kabisa kwenye vidole. Ute ukibaki, klia itashika ute badala ya wino na kubanduka vipande vipande. Suuzo la mwisho lisiwe la maji ya kisima yenye chumvi, yanaacha madoa chini ya klia. Kausha kabisa, kisha klia ya hadina koti mbili siku hiyo au kesho yake. Wino peke yake hauna nguvu yoyote.

Na filamu inachukia hewa ya pwani. Ikikaa wazi inanyonya unyevu, inajikunja pembe, na ikifika majini inayeyuka kabla ya wakati. Dai ije imefungwa ndani ya mfuko wenye vipakiti vya kunyonya unyevu, na ufungue siku ya kazi.

Mbao ya kweli ni habari nyingine. Ganda la milimita 0.6 linapinda upande mmoja tu. Fremu yako inapinda pande mbili kwenye kona, hapo ganda litachanika hata ulilowanishe vipi. Paneli iliyo karibu tambarare inawezekana, lakini mbao hupanuka na kusinyaa kwa unyevu na plastiki haifuati. Lazima uizibe pande zote mbili kabla ya kubandika, kingo zake pia, kisha juu klia ya hadina koti nne au tano zikisuguliwa kati yake. Kwa elfu kumi na tano sioni ukifika huko.

Stika_Nyali

Nyongeza ndogo kwa atakayekuja kuuliza kaboni ya kweli: kitambaa cha gramu 200 na resini ya epoksi kinawezekana juu ya ABS, lakini epoksi nyingi za kukauka bila tanuri hulegea kuanzia digrii 50 au 60, na jua huzitia umanjano. Kwenye dashibodi ya Mombasa mistari ya kitambaa hujichora juu ya uso. Bila resini ya joto kali na klia ya kuzuia jua, usianze.

Premio_Tudor

Nimeelewa. Nitapeleka fremu ya redio na paneli nne za milango kuchovywa kwa pamoja, na ukanda wa abiria nitausugua mwenyewe kwa 1000 kisha kopo la klia lenye hadina, nusu mng'ao. Fundi, nizitoeje bila kuvunja klipu, na hiyo eabegi isinichezee?

FundiMakupa

Kama klia ya ukanda ni ya nusu mng'ao, mwambie anayechovya atumie nusu mng'ao ile ile, ikiwezekana kopo la aina moja. Mbao zikifanana na mng'ao ukitofautiana, jicho litaona mng'ao kwanza.

Kutoa: zima gari, toa ufunguo, fungua waya hasi wa betri kwa spana ya 10 na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu. Soketi na waya za njano ni za eabegi, usizichomoe wala kuzipima kwa mita. Tumia vibanio vya plastiki. Kama ni bisibisi, ifunge tepu ncha na uweke tepu kwenye paneli ya jirani pia. Plastiki ya umri huu imekauka, kwa hivyo usivute kona moja mpaka mwisho. Legeza klipu ya kwanza nusu, nenda ya pili, zunguka, kisha vuta sawa. Ikigoma, kuna skrubu hujaiona. Paneli za swichi za milango katika Toyota nyingi huinuliwa kuanzia upande mmoja kwanza, na chini yake kuna soketi; bonyeza ulimi wa soketi, usivute waya. Swichi zenyewe zimeshikwa kwa skrubu ndogo, zitoe zote kabla ya paneli kwenda kwa fundi.

Klipu nyingi ni za chuma za kusukumia. Hewa ya bahari huzitia kutu zikabaki kwenye tundu wakati paneli inatoka. Zitoe kwa koleo, na nunua mpya za akiba kabla ya kuanza. Kabla ya kuchovya, vijiti vya plastiki zinamokaa klipu na kingo zinazogusana na paneli nyingine zizibwe kwa tepu: rangi, wino na klia vikijumlishana vinaongeza unene, kipande kinakaza, na mlio wa ng'ririi utausikia kila tuta.

Usiwashe ufunguo wakati soketi ziko nje. Ukisharudisha kila kitu na kufunga betri, kioo cha dereva kinaweza kukataa kupanda chenyewe na taa ya swichi yake ikawa inapepesa. Haijaharibika. Shusha kioo nusu, kipandishe kwa kushikilia swichi mpaka kifunge, na uendelee kushikilia sekunde moja au mbili baada ya kufunga.